Mto mwembamba, daraja la kilomita sita: maswali yenu

Wiki hii mmeniuliza sana kuhusu daraja la reli la Saale-Elster, kusini mwa Halle, Ujerumani. Nimechagua maswali manne.

Nimeliona pichani. Mto wenyewe mwembamba, daraja halina mwisho. Wamevuka nini hawa?

Wamevuka bonde. Mito ni miwili, Saale na Weiße Elster, na siku za kawaida imetulia tu. Ikifura, maji hutanda bonde zima. Ukijenga tuta la udongo hapo umeyazibia njia, nayo yatarudi kutafuta nyumba za watu. Nguzo huyaacha yapite. Isitoshe, eneo hilo ni hifadhi, na linalindwa pia kwa ajili ya maji ya kunywa. Ndiyo maana daraja kuu lina mita 6,465, na tawi la kwenda Halle mita 2,112. Kuna sehemu mafundi walijenga wakisonga mbele juu ya kile walichokwisha kujenga, mitambo isije ikavuruga tope la chini.

Treni hulivuka kwa muda gani?

Kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa, kama sekunde 78. Ukiinama kutafuta chaja chini ya kiti, umelikosa.

Zege hutanuka kwa joto. Mbona halipasuki?

Swali zuri kuliko yote. Mita 100 za zege, joto likipanda nyuzi 30, hurefuka kama milimita 30, upana wa vidole viwili hivi. Unaona ni kidogo? Piga hesabu ya daraja zima: unakaribia mita mbili! Kwa hiyo madaraja ya namna hii hujengwa vipande vipande, na kati ya kipande na kipande huachwa mwanya. Shughuli iko kwenye reli. Reli za mwendo kasi huchomelewa zikawa kitu kimoja, hazina ule mlio wa ta-ta, ta-ta wa treni za zamani. Zege chini yake linacheza, zenyewe haziruhusiwi kupinda. Hapo ndipo wahandisi hukosa usingizi.

Lilianza kutumika lini?

Ujenzi ulianza 2006, na treni za abiria zikaanza kupita Desemba 2015, njia ya kutoka Erfurt hadi Leipzig na Halle ilipofunguliwa. Ya Halle huchepuka ikiwa bado juu ya nguzo.