Rimoti ya winchi: kontakta kuu haiachii, ndoano haisimami juu

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Niko Wete. Karakana yetu ina winchi ya umeme ya tani 3. Waya wa swichi ya mkononi umechakaa, tukanunua rimoti. Nyaya za juu na chini nimezitoa kwenye risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) moja kwa moja hadi koili (sumaku ya umeme inayoivuta) za kontakta, yaani swichi nzito za mota, na kontakta kuu nimeipa umeme wa kudumu. Inapanda na kushuka, lakini nikibonyeza kitufe chekundu kontakta kuu inabaki imeshika, na ndoano ikifika juu haisimami. Nimekosea wapi?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Kabla ya yote, izime winchi kwenye swichi kuu, itie kufuli, na asinyanyue mtu chochote. Ndoano isiposimama juu itagonga ngoma inayozungushia kamba, kamba ya chuma ikatike na mzigo uwaangukie waliopo chini.

Ulipokwenda moja kwa moja kwenye koili, umeiruka limiti, swichi inayokata umeme ndoano ikifika mwisho. Umeme wa kitufe cha juu unatakiwa utoke rilei (swichi ndogo ya ndani) ya risiva, upite limiti ya juu, upite kontakti saidizi ya kontakta ya chini ile inayokatika kontakta inaposhika, ndipo ufike koili. Kontakti hiyo ndiyo inayozuia juu na chini kushika pamoja na kugonganisha fezi, yaani nyaya za moto. Wepesi wake: funga nyaya za risiva kwenye terminali zile zile zilizokuwa na nyaya za swichi ya mkononi.

Kitufe chekundu kina rilei yake, mara nyingi imeandikwa MAIN. Hushika ukiwasha rimoti, huachia ukibonyeza chekundu au mawimbi yakipotea. Ipitishe koili ya kontakta kuu humo, na usiiruke rilei hiyo kwa waya hata kwa dakika moja ya majaribio.

Sasa sikiliza hili, maana ndipo mafundi wazuri huteleza. Ukibonyeza juu ikashuka, usibadilishane nyaya za rimoti. Badilisha fezi mbili kwenye umeme unaoingia. Ukibadili za rimoti, ndoano itapanda kwa kontakta ya chini, na limiti ya juu haitaikata.

Soma kibati cha risiva na cha koili, kisha pima kwa mita. Koili ziko za volti 24, 48, 110 na 220, na fezi kwa fezi ni volti 400. Risiva ya 220 haivumilii hilo. Antena ikae nje ya boksi la chuma. Waya uingie kwa chini: niliwahi kufungua boksi Mkoani lililotobolewa juu, terminali zimeota kutu ya kijani kwa chumvi na rilei ya chini imegandia.

Ukimaliza, jaribu bila mzigo, mwenzako akiwa ameshika swichi kuu. Pandisha kwa kugusa kugusa mpaka limiti ikate. Kisha washa rimoti, chomoa betri zake: lazima usikie kontakta kuu ikiachia. Isipoachia, rudisha kufuli.