Breka Ikianguka, Usikimbilie Kuongeza Breka: Ushauri wa Waya na Ardhi kwa Nyumba za Lamu

Ombi ninalolisikia zaidi katika kazi ya stima hapa Lamu ni hili: breka inaanguka kila jioni, fundi njoo uweke kubwa. Mama mmoja wa Mkomani alinipokea darini akiwa na breka mpya ya ampia 32 mkononi, ameshainunua.

"Mama, kabla hatujaifunga, niruhusu nione waya wenyewe," nikamwambia.

"Mwanangu, waya ni mpya, haujamaliza hata mwaka."

Ulikuwa mpya kweli, tena wa shaba safi. Lakini ulikuwa wa 2.5, yaani milimita 2.5 za mraba, umepita ndani ya paipu moja na saketi nyingine mbili chini ya mabati, na mwisho wake ulikuwa jikoni: friji, birika la umeme, maikrowevu na pasi.

Breka iko pale kuulinda waya. Kazi yake ni kukata kabla waya haujapata joto la kuyeyusha ganda. Ukiweka breka kubwa kwenye waya uleule, umeondoa ulinzi na mzigo umebaki palepale. Waya wa 2.5 ndani ya paipu ukutani hubeba takriban ampia 24, lakini hiyo ni hesabu ya joto la digrii 30, tena waya ukiwa peke yake kwenye paipu. Joto likifika 40, zidisha kwa 0.87. Saketi tatu zikibanana kwenye paipu moja na zote zina mzigo, zidisha tena kwa 0.7. Zile 24 zinakuwa kama 14 na nusu. Kwa hiyo hata breka ya 20 iliyokuwapo ilikuwa kubwa kwa waya ule, sembuse ya 32.

Tuliigawa kazi. Jikoni ilipata saketi yake, waya wa 4 katika paipu yake yenyewe, breka ya 20. Soketi za vyumba zilibaki kwenye 2.5 na breka ya 10, kwa kuwa huko mzigo ni feni, taa ya meza na chaji za simu. Breka ya 32 ilirudi dukani.

Hesabu ya mzigo si ngumu: wati gawa kwa volti. Shawa ya maji moto ya wati 5,500 kwa volti 240 inakula kama ampia 23. Mafundi wengi wataweka waya wa 4 kwa sababu jedwali linasema unabeba 32. Sasa ipeleke shawa hiyo ghorofa ya juu ya nyumba ya wageni kule Shela, joto 40, paipu ikiwa na saketi nyingine moja. Saketi mbili hupunguza kidogo kuliko tatu, lakini bado ile 32 inashuka hadi 22, chini ya mzigo wenyewe. Hapo ninataka waya wa 6, ambao baada ya makato yote bado unabeba 28, pamoja na breka ya 25. Bei ya waya wa 6 inauma, najua. Lakini utautandaza mara moja tu.

Umbali nao una deni lake. Pampu ya kisima shambani, mita 60 kutoka kwenye boksi la breka, ikivuta ampia 15 kwa waya wa 2.5, inapoteza volti 16 njiani. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 5, yaani volti 12. Kwa waya wa 4 unapoteza kama 10, kwa wa 6 chini ya 7. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa zaidi ya ampia zake za kawaida, na volti zikiwa zimeshuka itaunguruma, itapata joto, na mwisho itaungua. Wengi hulaumu pampu. Waya huo wa shambani uwe ule wenye vazi la chuma, ufukiwe sentimita 60 ili jembe lisiufikie.

Sasa ardhi, yaani waya na rodi za kuuteremsha udongoni umeme uliovuja, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo watu wanapofia. Wenye nyumba wengi huamini kwamba rodi ya shaba ikishagongwa chini, nyumba iko salama. Pima. Kisiwa chetu ni mchanga na mwamba wa matumbawe, na mchanga mkavu hupitisha umeme vibaya sana. Tuseme rodi yako inasoma omu 60 (omu ni kipimo cha jinsi umeme unavyozuiwa kupita). Laivu, yaani waya wenye umeme, ikigusa bodi ya pampu, lile chuma lake la nje, umeme utakaoteremka ardhini ni 240 gawa kwa 60, yaani ampia 4. Breka ya 20 haitashtuka kwa ampia 4. Itakaa imewaka siku nzima, na bodi ya pampu itakuwa na umeme ikimngoja mtoto mwenye miguu yenye maji.

Ndiyo maana nyumba inayotegemea rodi yake yenyewe lazima iwe na RCCB, ile breka pana yenye kitufe cha T. Ile ya miliampia 30 inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika hapo hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwa RCCB hiyo, rodi ya omu 60 inatosha kabisa. Ikizidi 200 sikubali, maana kipimo hicho hakitulii. Ukame ukizidi nacho kinapanda. Nayo RCCB haizuii mzigo kupita kiasi, kwa hiyo breka ndogo zibaki mahali pake.

Pima wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, ardhi ikiwa kavu. Kipimo cha katikati ya masika kinakupa nambari ya kupendeza isiyodumu. Kama rodi moja haitoshi, gonga ya pili, umbali kati yao usipungue urefu wa rodi, ukiweza uwe mara mbili, kisha uziunge. Mahali pazuri katika nyumba ya mawe ni pembe ya kiwanda, ule ua wa ndani, ambapo maji ya kuogea hupita na udongo haukauki. Kumwaga chumvi kwenye shimo, kama wengine wanavyoshauri, sikubaliani nako: mvua inaiosha, na kabla haijaoshwa imeshaanza kula rodi na kibanio. Kibanio kiwe cha shaba, kiwe ndani ya kishimo chenye mfuniko kinachofunguka, ili mtu akikague.

Mabomba ya maji ya chuma yaungwe na ardhi kwa waya wa 10. Nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, na ardhi zisigusane popote baada ya RCCB, la sivyo itaanguka bila sababu utakayoiona, na fundi asiyejua atakushauri uiondoe. Ukisikia ushauri huo, tafuta fundi mwingine, mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Kuhusu boksi lenyewe. Upepo wa kusi unaleta chumvi hadi ndani ya vyumba, na kuta za matumbawe na chokaa zinashika unyevu. Boksi la chuma huoza kuanzia mgongoni, usikoona. Nachagua la plastiki, nalifunga juu ya ubao ili lisigusane na ukuta, mbali na upande wa bahari, nyaya zikiingilia chini kupitia glendi zinazobana. Tundu lisilotumika lizibwe, maana sisimizi na mijusi hupenda joto la mle ndani. Paipu pia ziwe za plastiki. Na tafadhali, usichimbe plasta yenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ili kupitisha waya. Mji wa kale umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na plasta ile ikishavunjwa haina fundi wa kuirudisha ilivyokuwa. Pitisha paipu kando ya boriti, paka rangi ya ukuta, haitaonekana.

Nimefungua boksi ambamo skrubu ya nyutro ilizunguka kwa kidole. Shaba imekuwa kijani, ganda la waya limekauka rangi ya kahawa na linapukutika. Breka zote zilikuwa nzima. Kiungo kilicholegea hutoa joto bila kuongeza ampia, kwa hiyo hakuna breka itakayokwambia. Skrubu zikazwe upya kila mwaka, swichi kuu ikiwa imezimwa, na fundi akumbuke kuwa nyaya za upande wa mita bado zina umeme. Kitufe cha T bonyeza mwenyewe kila baada ya miezi mitatu. Kama umeme haukatiki, ita fundi siku hiyohiyo.

Fundi akimaliza, usimlipe salio kabla hajabandika karatasi ndani ya mlango wa boksi: kila breka inahudumia wapi, waya wake ni wa ngapi, rodi ilisoma omu ngapi, na ilipimwa mwezi gani.