Msomaji Anauliza: Boti ya Kuchangia, Mshipi wa Mkono na Noah ya Kulala

Mkuu habari. Tuko washkaji wanne wa Tabata, tumechanga karibu miaka miwili na sasa hela inatosha boti ya faiba used, futi 18, na mashine ya nguvu farasi 40, kuna jamaa Kunduchi anauza. Lengo wikiendi twende kisiwa cha Mbudya na familia, tuvue vue kidogo. Tuangalie nini kabla hatujatoa mzigo? – Wanne wa Tabata

Hongereni kwanza, watu wanne kuchangia kitu kimoja Dar kwa miaka miwili na bado mnasalimiana si mchezo.

Sasa kitu watu wengi wanakosea, wanaenda kuangalia rangi na viti. Nendeni tezi, pale mashine inapofungwa. Kwenye boti nyingi za faiba pale ndani kuna ubao, na ule ubao ukinyonya maji unaoza taratibu huku nje panang'aa tu kama kawa. Chukua mpini wa bisibisi gonga pole pole upande mmoja mpaka mwingine, pazima panalia kavu ko ko ko, palipooza panalia bu bu kama unagonga godoro. Alafu mashine ikiwa imefungwa ishike chini uinyanyue na kuishusha, ukiona ubao unacheza nayo ondokeni, hapo hamnunui boti mnanunua kesi.

Mashine yenyewe nendeni asubuhi ikiwa ya baridi. Muuzaji akisema "nimeshaipasha moto" mwambieni mtarudi kesho, mashine ya moto inawaka hata kama ni mbovu. Ikiwaka angalieni inakojoa, yaani ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma, ukiwa mwembamba au unakatika katika basi impela, ile feni ya kusukuma maji ya kupoza mashine, imechoka au njia za maji zimejaa chumvi. Fungueni skrubu ya chini ya giaboksi, oili ikitoka nyeupe nyeupe kama chai ya maziwa ujue sili imekufa na maji ya chumvi yako ndani. Kama ni ya kuchanganya oili na petroli, nyingi zake ni 50 kwa 1, lita 20 za petroli unaweka mililita 400 za oili, ila ya kwenu isomeni kwenye kitabu chake msiende kwa macho kama fundi wa bodaboda. Na mkitoka baharini kila siku, KILA siku, iwasheni ndani ya pipa la maji baridi ya bomba dakika kama kumi, chumvi haijawahi kusamehe mtu.

Mafuta gaweni mara tatu, theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi msiiguse. Mi yalinikuta, nilinunua petroli ya dumu mahali fulani kumbe ina maji, mashine ikazima tukiwa tunarudi kutoka Mbudya saa kumi jioni upepo umeshapanda, kutupa nanga kamba ina mita kumi tu, haigusi chini, tukawa tunaelea tunaangaliana. Tukaja kuvutwa na wazee wawili wa ngalawa, wamecheka njia nzima na sikuwa na la kusema. Tangu siku hiyo nina filta ya kutenga maji, na kamba ya nanga nabeba mara tano ya kina au zaidi, maana nanga inashika ikilala, kamba ikisimama wima inang'oka.

Kuhusu kuvua Mbudya, hapana. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi ya bahari tangu 1975, kuingia mnalipa na kuvua humo ndani marufuku. Kuleni chipsi na samaki wa kuchoma pale, kuvua fanyeni nje ya mipaka.

Ila ushauri wangu kiukweli, msinunue mwezi huu. Kodini boti na nahodha wake mara tatu nne, moja iwe kipindi cha upepo wa kusi kwenye Juni au Julai, bahari ikiwa imechafuka na wake zenu wanatapika. Mkirudi mkiwa bado mnaitaka boti, basi nunueni. Na laifu jaketi ziwe za idadi ya watu, za watoto ziwe za watoto, na mzijaribu majini kabla, kuna nyingine zinauzwa sponji yake inakunywa maji.

Naishi Mjimwema, nataka kujifunza kuvua. Nimeona rodi na rili Kariakoo nzuri kweli, ila wazee wa huku wanavua na mshipi wa mkono na wanapata kuliko wenye rodi. Nianze na nini? – Mama Swaumu

Mama Swaumu jibu umeshalijibu mwenyewe. Anza na mshipi. Nailoni ya kawaida ya milimita 0.60 hivi, chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi), ndoana na chambo cha ngisi, hela inayobaki nunua unga. Usichukue ule uzi wa kusuka kwa kuvulia mkononi, samaki akivuta unakata vidole kama wembe, hata nailoni vaa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kidoleni.

Ndoana zinawachanganya wengi. Kwenye hizi za kawaida namba ikipanda ndoana inakuwa ndogo, 8 ni ndogo kuliko 4, ila ukifika 1 unaanza kuona 1/0, 2/0, hapo sasa zinakua kubwa. Kwa changu na tasi usiende na dude kubwa, midomo yao midogo, utalisha samaki bure siku nzima. Siku ukipata lifti ya kwenda kumtafuta nguru utahitaji kipande cha waya mbele ya ndoana, yule ana meno. Maji yakianza kujaa ndo nenda, na kabla hujaanza pita kwa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi wa ufukwe wenu, wakueleze habari ya leseni.

Mdogo wangu kaniletea kayaki ya kupulizwa. Naweza kwenda nayo Mbudya kutoka Kunduchi peke yangu? – Dada wa Mbezi

Dada, hapana. Ngoja nikwambie inavyokuwa, asubuhi na mapema kuna umande, upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini, kayaki ya upepo ni nyepesi kama kikapu kwa hiyo inasukumwa nje na wewe unajiona unajua kupiga kasia kumbe siyo wewe. Ukichoka unageuka, upepo unakupiga usoni. Mchana upepo wa bahari ukipanda ndo unaanza na mawimbi, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mkondo unakwenda kasi, maji Dar yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Chezea karibu, maji ya kiunoni, uwe na mtu ufukweni anakuona. Kwenye bwawa lililotulia ni nzuri sana.

Nina Noah, nataka niifanye kempa niwe nalala nayo ufukweni Kimbiji na watoto. Inawezekana? – Baba Nasra, Mbagala

Inawezekana, viti vya nyuma toa, weka ubao na godoro la inchi nne, madirishani shona chandarua chenye sumaku, maana ukifunga vioo kwa joto la Dar mtaiva na ukifungua mbu wamejipanga. Taa na chaji za simu weka betri ya pili, usinyonye ya kuwashia gari.

Noah usiiingize mchangani, iache kwenye ardhi ngumu. Ukichukua na hema, vigingi vya kawaida mchangani vinachomoka, jaza mchanga kwenye viroba vya kilo tano, funga kamba, vifukie. Liweke juu ya ule mstari wa mwani mkavu, pale ndo maji ya bamvua yanafika, na lisiwe chini ya mnazi hata kama kivuli kinakuita.

Jiko la mkaa lisilale ndani ya gari wala hema, hata likiwa na majivu tu na mvua inanyesha nje. Ule moshi usiouona unaua watu usingizini. Liache nje lilowe.