Wasomaji Wanauliza: Ghorofa la Shirika lenye 1954 ukutani

SWALI: Tumepanga kwenye ghorofa la Shirika la Nyumba katikati ya jiji la Mwanza. Mbele, juu kabisa, kuna 1954 iliyoumbwa kwa plasta. Majirani wanashikilia kuwa Serikali ililijenga baada ya Uhuru. Ukweli ni upi, na karatasi zake tuzitafute wapi? (Mpangaji, Nyamagana)

JIBU: Uaminini ukuta. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962, hivyo haliwezi kuwa limejenga jengo la 1954. Ghorofa lenye maduka chini, makazi juu na mwaka au jina la mtu usoni kwa kawaida lilikuwa la mfanyabiashara, mara nyingi mwenye asili ya Kihindi, enzi pamba ya Usukuma ikiingiza fedha mjini.

Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika. Fidia ilipungua kadiri jengo lilivyozeeka. Lililozidi miaka 10 halikulipwa kitu. Lenu lilikuwa na miaka 17, piga hesabu mwenyewe.

Kwa karatasi, anza na namba ya kiwanja na kitalu, kisha omba upekuzi ofisi ya ardhi. Ramani ya ujenzi iulizie idara ya mipango miji ya Jiji. Wengi hukwama kwa sababu wanatafuta kwa jina la mtaa, na mitaa imebadilishwa majina. Tumia namba, na uliza kama kiwanja kiliwahi kupimwa upya.

SWALI: Plasta ya chini inamenyeka na inatoa chumvi nyeupe. Fundi anataka kuibandua yote, apige saruji nzito na kuufuta ule mwaka. Tumruhusu? (Huyo huyo)

JIBU: Hapana. Kwanza, ukuta si wenu: pateni kibali cha maandishi cha Shirika. Pili, saruji nzito huyafungia maji ndani; chumvi itapanda na kutokea juu ya plasta mpya.

Tafuteni maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni bomba la mvua lililopasuka, au udongo na lami ya nje vimepanda kuliko sakafu. Rekebisheni hapo, mwache ukuta ukauke, ndipo mpige plasta. Kwaruza ya zamani kwa msumari: ikitoka unga kirahisi, huenda ni ya chokaa, ikigoma, ni ya saruji. Ya chokaa irudishieni kwa chokaa 1 na mchanga safi 3, kila koti lisizidi milimita 10, likilindwa na jua kali na kunyunyiziwa maji siku za mwanzo. Ukuta wa matofali ya saruji unavumilia saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Msipake rangi ya mafuta juu ya plasta. Fundi mwenye haraka atapiga koti moja nene, hilo hupasuka.

Bomba au bati likiwa la asbesto, msilikate wala kulisugua kwa brashi ya waya: vumbi lake huua.

SWALI: Sheria hailindi jengo kama hili? (Msomaji, Kirumba)

JIBU: Si yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza 1892, kwa hiyo ghorofa lolote la mjini linasubiri Waziri anayehusika na mambo ya kale alitangaze. Wapangaji wanaweza kuanza kuhifadhi historia yake bila kumsubiri. Mfano ni Greenbelt, Maryland, mji ambao serikali ya Marekani iliujenga na kuanza kuupangisha 1937: huko nyumba moja ya kawaida imefanywa makumbusho, na samani za enzi hizo zimo ndani. Kwenu, kusanyeni stakabadhi za kodi na mikataba yenye jina la Msajili, na pigeni picha ya kila ukuta pamoja na fimbo ya mita kabla fundi hajaingia na patasi.