Kabla Hujapigilia Msumari Kwenye Ukuta wa Maktaba

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimehamishiwa maktaba ya wilaya. Kuta ni tupu, na mjini hapa wachoraji na wachongaji wamejaa. Nianzie wapi?" Nilifurahi, kisha roho ikaniuma, maana swali hilo nilipaswa kujiuliza mwenyewe miaka 9 iliyopita, siku niliposhika nyundo.

Mimi sikuanzia popote, nilianza tu. Maktaba yetu iko kusini, kwenye nchi ya vinyago, lakini ukiingia ndani ungesema ni stoo ya chama cha ushirika: kalenda ya mwaka juzi na kibao cha "Kimya". Nikamfuata mzee mmoja anayechora michoro ya mtindo wa Tingatinga karibu na stendi. Alinisikiliza huku akiweka madoa ya chui, akauliza, "Mwanangu, huko maktaba wanaruhusu mtu mwenye rangi mikononi?" Siku ya tatu akanipa michoro 6, bure.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Tangu Edward Saidi Tingatinga aanze kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, michoro hii hutengenezwa kwa rangi ya kung'aa, ile ile ya kupaka baiskeli, juu ya hadibodi au turubai. Rangi hiyo hukauka juu kwanza, chini ikabaki laini kwa siku kadhaa, hasa kwenye unyevu wa pwani. Mimi mtu wa vitabu ningejulia wapi? Niliifunga kwa magazeti, nikaipandanisha kama vitabu, nikaipakia kwenye bajaji saa nane mchana. Tulipoifungua, ule wa kanga watatu chini ya mbuyu (kanga ndege, si vazi) ulikuwa umenasa gazeti kwenye kona ya chini kulia. Nusu nzima ya tangazo la mnada! Mzee akautazama, akasema, "Basi kanga wangu sasa wanajua kusoma." Nikacheka naye, halafu nikaenda kulia chooni.

Mengine nayataja haraka. Kinyago cha mpingo usikiweke dirishani panapopiga jua; chetu kilipasuka kuanzia shingoni. Fremu isigusane na ukuta, ili hewa ipite na mchwa uwaone mapema. Tundika chini, macho ya mtoto wa darasa la tatu yafike. Na ukinunua mchoro hujanunua ruhusa ya kuuchapa kwenye kalenda: sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda msanii.

Watoto walikuja, tena wengi. Chini ya chui niliweka vitabu vya wanyama, na kwa mara ya kwanza tukaanza kugombania viti. Sijisifu, lakini hakuna aliyewahi kuijaza ile pembe kabla yangu.

Kisha akaja mgeni mmoja mkubwa, akawapenda kanga. Bosi wangu wa wakati ule aliutoa mchoro msumarini kwa mkono wake, "ukapendezeshe ofisi kwa muda". Baada ya miezi miwili nikauliza. Naye akaniuliza, "Umesajiliwa wapi?" Nikafungua daftari. Humo hata kitabu cha kemia kisicho na jalada kina namba, tarehe, kilikotoka na muhuri. Mchoro wa mzee haukuwa na hata mstari mmoja. "Basi si wa maktaba," akasema, akalifunga daftari.

Kilichoniumiza zaidi ni mzee. Kila Ijumaa baada ya swala alimleta mjukuu wake kuwaona kanga. Nikamwambia umepelekwa kusafishwa. Nimeirudia kauli hiyo Ijumaa nyingi, Mungu anisamehe.

Ndugu zangu wakutubi, tuambiane ukweli: tunaheshimu kilichochapwa kuliko kilichochorwa. Kijitabu cha kurasa 12 tunakigonga muhuri asubuhi hiyo hiyo, lakini kazi ya mikono ya jirani yetu tunaiita pambo. Sajili! Mpe msanii karatasi, msaini wote wawili, kila mmoja abaki na nakala: ametoa zawadi, ameazima au ameuza, na kama ameazima ni hadi lini. Piga picha, mbele na nyuma. Andika namba nyuma ya mchoro. Halafu sajili. Najua nimeshasema.

Leo tuna kazi 31, zote zina namba, na mzee nilishamwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama kanga walikuwa ukutani kwenye kivuli au juani. Namba 1 nimeiacha wazi daftarini. Kwa hiyo ukiingia ofisi yoyote ukaona kanga watatu chini ya mbuyu, tazama kona ya chini kulia. Ukisoma hapo habari za mnada, niandikie.