Usisaini hiyo ankara, hata kama fungu la kumi umeshalitenga

Mpendwa, usisaini. Bosi anataka uweke saini kwenye ankara yenye cha juu, mgawane, na wewe unasema ni mara hii tu, kwa ajili ya ada ya watoto, tena fungu la kumi utatoa. Halafu unauliza ufunge siku ngapi, umwambie mkeo au usimwambie, na kama utafute kazi nyingine. Tuanze na kalamu.

Mimi nilisaini, na sababu zangu zilikuwa hizo hizo zako. Pesa yenyewe iliisha kama pesa zote zinavyoisha, sina la kusema juu yake. Kilichonigharimu ni mtunza stoo. Karatasi zilionyesha mzigo mkubwa kuliko ulioingia, kwa hiyo walipokuja kuhesabu mali, vitu havikuonekana, na wa kwanza kuulizwa akawa yeye. Hakujua lolote. Aliapa, akatoa daftari zake zote, akafungua ukurasa mmoja mmoja mbele yetu. Nilikuwemo chumbani. Neno langu moja lingemtoa pale, ila wangeniuliza papo hapo, wewe umejuaje? Nikanyamaza. Akafukuzwa kazi kama mwizi, na Jumapili nikasimama kwenye kwaya nikaimba.

Hilo ndilo hawakuambii. Ukishakula cha juu, ulimi wako unakuwa mali ya uliyekula naye. Ataleta karatasi ya pili, hutakuwa na mdomo wa kukataa. Ataonewa mtu mbele yako, hutakuwa na mdomo wa kumtetea. Baadaye nilimfuata yule ndugu nyumbani kwake nikamweleza yote, kisha nikaandika barua kazini, na kazi ikaenda. Alinisamehe. Lakini cheo chake kilikuwa na mtu mwingine, na majirani walikuwa wameshazoea kumwita mwizi.

Na kabla ya kusaini niliomba ushauri! Nilikwenda kwa mtu niliyemheshimu kanisani, akafungua Luka 16:9, tujifanyie rafiki kwa mali ya udhalimu, akafunga kitabu. Mstari unaofuata hakuusoma. Wa 10 unasema aliye dhalimu katika lililo dogo huwa dhalimu katika lililo kubwa pia. Akaongeza kwamba Waisraeli nao walitoka Misri na fedha na dhahabu za Wamisri. Wale walikuwa watumwa, walifyatua matofali bila ujira! Wewe una mshahara na mkataba. Mtu anayeijua Biblia kiasi hicho halafu anakukatia mstari katikati ni hatari kuliko bosi wako, maana bosi hajidai anasema kwa niaba ya Mungu. Hasira yangu juu yake naiombea mpaka leo.

Fungu la kumi lisikudanganye. Kumbukumbu la Torati 23:18 inakataza ujira wa ukahaba usiingizwe nyumbani mwa Bwana kuwa nadhiri, kwa hiyo Mungu anaangalia pesa imetoka wapi. Zakayo, yule mtoza ushuru, naye hakutenga asilimia ya alichowanyang'anya watu. Alisema atarudisha mara nne.

Kanuni yangu nimeitoa kwa Danieli, sura ya 1, mstari wa 8. Aliazimu moyoni kwanza kwamba hatajitia unajisi kwa chakula cha mfalme, ndipo akaenda kumwomba mkuu wa matowashi, kwa adabu, kisha akampa msimamizi wao pendekezo: tujaribu siku 10 kwa mboga na maji. Aliamua mapema, akasema mapema. Ukingoja mpaka ankara iko mezani, bosi amekusimamia na ada ya mtoto inakuzunguka kichwani, utasaini. Kila mtu husaini pale.

Kwa hiyo mkeo mwambie usiku huu, ili kesho uone aibu kurudi nyuma. Asubuhi mfuate bosi kabla hajakuita: "Bosi, nitasaini kwa bei tuliyolipa na mzigo uliofika." Usimhubirie, wala usimtaje Mungu kama hajakuuliza. Kisha mwombe ukope kwenye mshahara kwa ajili ya ada, maana shida yako ni ya kweli na ina mlango wake halali.

Hiyo ankara inaingia lini? Kama ni wiki hii, nijibu leo.