Usibonyeze kitu ndani ya hicho kidirisha, hata hiyo X

Mkuu, usilipe! Umesema kidirisha chekundu kinajaa kioo kizima na kupiga king'ora, eti kompyuta ina virusi 5, na jioni unataka kulipia hiyo programu ya kuisafisha. Umeuliza pia antivirus ipi nzuri na kwa nini simu yako imekuwa nzito. Hayo yasubiri. Hapo kwenye kulipia ndipo nilipozama mimi.

Mwaka 2022, nina stationery Morogoro. Mteja kaleta PDF anataka iwe Word, nikaingia tovuti ya kwanza niliyoikuta inayobadilisha bure. Ikaandika: bonyeza Ruhusu kuthibitisha kuwa wewe si roboti. Nikabonyeza. Kumbe pale sikuthibitisha chochote, niliipa ruhusa ya kunitumia arifa muda wowote, hata nikishaifunga. Kuanzia siku hiyo, kona ya chini kulia ya kioo vikawa vinachomoza vikaratasi vyenye ngao nyekundu: una virusi, ulinzi wako umekwisha, mafaili yatafutika.

Nikamwita fundi anayenitengenezea printa. Huyu mtu nina hasira naye mpaka leo. Alisimama nyuma yangu na soda mkononi, hata kukaa hakukaa, akasema, "Dada, hiyo Windows yenyewe inakuonya. Kubali tu inachotaka, itatulia." Na elfu kumi yake nikampa. Kama kitu hukijui, si useme hukijui! Microsoft, wenye hiyo Windows, wanasema maonyo yao halisi hayana namba ya simu ya kupiga, kwa hiyo lenye namba si lao. Na tovuti haina uwezo wa kuingia kwenye mafaili yako ikayakagua virusi. Ile mistari inayokimbia kama ukaguzi ni mchoro unaocheza, ingekimbia vilevile hata kwenye kompyuta iliyotoka kwenye boksi leo.

Basi nikakubali. Ikapakua "kisafishaji", kikadai kimeona matatizo 312, kikataka dola 39.99. Kilichonitisha kuliko vyote ni kwamba kilijua natumia Windows 10, kikajua na kampuni ya intaneti yangu, kikaandika na mahali nilipo: Dar es Salaam. Mimi niko Morogoro! Kivinjari, yaani programu unayofungulia tovuti, huiambia kila tovuti unatumia kompyuta ya aina gani, na anwani yako ya intaneti huonyesha kampuni na mji wa kukisia, basi. Hakuna aliyekuwa ananiona. Lakini moyo unadunda, wanafunzi wamejaa mlangoni wanataka kuprinti, nani angeliona hilo? Nikatoa kadi ya benki, nikaandika namba ndefu ya mbele, tarehe, na zile tatu za nyuma.

Saa kumi alfajiri simu ikaanza kutetemeka juu ya stuli kando ya kitanda. Nikadhani ni matangazo. Ikatetemeka tena. Ya tatu ndiyo nikaisoma: makato. Juu yake makato. Juu yake tena makato. Mpaka nampata mtu wa huduma kwa wateja, 740,000 zilikuwa zimeshakwenda. Ile ilikuwa kodi ya fremu, pamoja na hela ya rimu na wino. Benki wakaniambia namba niliziandika mwenyewe. Siku hiyo nilifungua duka mlango mmoja tu, nikakaa nyuma ya mashine ya fotokopi nikalia.

Kwa hiyo shika hili moja: kidirisha ambacho hukukiita, usibonyeze kitu chochote ndani yake. Si Ruhusu, si Kataa, si Ghairi, wala hiyo X ya pembeni, maana mara nyingi X yenyewe ni sehemu ya picha, na ukiigusa umebonyeza tangazo. Kifunge kutoka nje. Shikilia Esc kwa sekunde kadhaa kioo kipungue, kisha Alt na F4. Kikigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari kwenye orodha, kifunge kwa nguvu. Ukikifungua tena kitakuuliza kama kirudishe kurasa za mwanzo. Usikubali.

Halafu ukate mzizi. Kama kivinjari chako ni Chrome: nukta tatu za juu kulia, Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Utakuta orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Usiyoitambua, ondoa. Kwenye simu pia ingia mipangilio ya kivinjari uitafute orodha hiyohiyo.

Na kama kadi ulishaiandika popote, achana na kompyuta kwanza. Piga benki waifunge sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma hapa, kwa namba iliyo nyuma ya kadi yenyewe. Usiitafute namba yao mtandaoni.

Ukimaliza rudi utuambie umekuta tovuti ngapi kwenye hiyo orodha. Mimi nilikuta 17.